Kilichofoka ni ukuta: asidi, mawe ya Lamu na neno "kali"

Mwaka jana fundi mmoja aliitwa nyumbani kwa khalati yangu, mtaa wa Mkomani, asugue choo cha zamani kilichokuwa kimeota weusi. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, kuta zimepigwa plasta ya chokaa, na zidaka zake zilichongwa na mafundi ambao hata majina yao hatuyajui tena. Fundi akatoa chupa ya asidi ya kusafishia choo, akaimwaga sakafuni na chini ya ukuta. Papo hapo ukuta ukafoka povu jeupe kama uji unaomwagikia jiko. Khalati akarudi nyuma. Fundi akamtuliza: "Usiogope mama, huo ni uchafu unatoka."

Kilichokuwa kikitoka ni ukuta.

Weusi uliondoka kweli, na plasta ikaondoka nao, kina cha ukucha. Siku chache baadaye mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike haya: "Mjomba, bibi husafisha birika kwa siki kila mwezi na hakuna kinachofoka hivyo. Siki si asidi pia?"

Ni asidi. Na kabla ya kuingia kwenye kemia yenyewe, lazima niseme kwamba Kiswahili chetu kinatuponza hapa. Kisu ni kikali, jua ni kali, ndimu ni kali, chai ni kali, mbwa ni mkali. Vitabu navyo vikaja vikasema kuna "asidi kali" na "asidi dhaifu", na msomaji akaelewa alivyozoea: kali ni ile ya kuunguza, dhaifu ni ile ya kutia kwenye kachumbari. Wanakemia hawakukusudia hivyo. Kwao, nguvu ya asidi ni jambo moja, kukolea kwake ni jambo la pili, na madhara yake ni la tatu. Asidi ya haidrofloriki, kwa hesabu zao, ni dhaifu. Lakini hula kioo na hupenya ngozi mpaka mfupani. Asidi ya haidrokloriki ni yenye nguvu, na hivi unavyosoma iko tumboni mwako inasaga chakula cha mchana.

Fedha mkononi, fedha kibindoni

Kila asidi, ikitiwa majini, huachia chembe ndogo zinazoitwa ayoni za haidrojeni. Hizo ndizo zinazofanya kazi: ndizo zinazouma ulimi, zinazobadili rangi ya karatasi ya litimasi, zinazokula chuma na jiwe. Tofauti ya asidi yenye nguvu na asidi dhaifu iko kwenye namna ya kuziachia.

Fikiria wanaume wawili wanaokwenda sokoni, kila mmoja na shilingi elfu moja. Wa kwanza ameshika zote kiganjani. Wa pili amefunga kikoi, na fedha zake amezikunja kibindoni. Mkononi ana shilingi tano tu. Ukiwatazama kwa mbali utasema wa kwanza ni tajiri na wa pili ni fukara. Lakini kila wa pili anapomaliza tano zake, anaingiza mkono kibindoni anatoa nyingine. Anachelewa, ndiyo. Watu nyuma yake kwenye foleni watanung'unika. Ila jioni ikifika, wote wawili wametumia elfu moja.

Asidi ya haidrokloriki, ile ya kwenye chupa ya fundi wa choo, ni yule wa kwanza. Ikiingia majini, molekuli zake zote hupasuka, ayoni zote zikawa huru. Asidi ya salfuriki (ya kwenye betri) na asidi ya nitriki ziko kundi hilo. Siki ni yule wa kibindo. Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki kama asilimia 5, na katika kila molekuli 1,000 za asidi hiyo, ni kama 5 tu zilizoachia ayoni zake kwa wakati mmoja. Zilizobaki zimeshikilia. Na hizo shilingi tano za mfano wangu sikuziokota barabarani, ndizo hizo.

Ukitengeneza asidi ya haidrokloriki iliyokolea sawasawa na siki hiyo, yaani idadi ile ile ya molekuli ndani ya lita moja, ayoni zilizo huru ndani yake zitakuwa karibu mara 200 ya zile za siki. Kwenye kipimo cha pH, siki itasoma kama 2.4 na ile nyingine itakaribia sifuri. Kipimo hicho kina tabia ya kupotosha macho, kwa sababu kushuka namba moja ni ayoni kuongezeka mara kumi.

Sasa hapo ndipo watu wengi, hata waliosoma, huteleza. Wanadhani kwa kuwa siki ni dhaifu, itayeyusha jiwe dogo zaidi. Si hivyo. Lita moja ya siki ya asilimia 5, kwa hesabu, inatosha kuyeyusha karibu gramu 40 za jiwe la matumbawe. Lita moja ya asidi ya haidrokloriki iliyokolea vivyo hivyo nayo itayeyusha gramu hizo hizo 40. Moja itamaliza kazi huku umesimama unatazama. Nyingine ukaswali, ukale, ukalale, na kesho uikute bado inatoa viputo. Sababu ni kibindo: kila ayoni inapoliwa na jiwe, molekuli nyingine huachia yake kujaza pengo, mpaka akiba iishe.

Na kinyume chake pia ni kweli. Chukua asidi ya haidrokloriki, uizimue kwa maji mengi sana mpaka pH yake ifike 3, na utakuwa na kimiminika chenye ayoni chache kuliko siki. Bado ni "asidi yenye nguvu" kwa jina, maana kila molekuli yake imepasuka, lakini haijakolea hata kidogo. Chai yenye majani bora ukiimiminia ndoo ya maji haitakolea, na ubora wa majani uko pale pale. Ndiyo maana napenda neno "kukolea" kuliko "ukali" katika mazungumzo haya. Kila aliyewahi kupika chai analielewa.

Jiwe letu na asidi

Lamu si mahali pabaya pa kujifunza kemia ya kabonati, kwa sababu mji mzima umejengwa nayo. Mawe ya Manda, kisiwa jirani, yaliyotumika kujengea ni mabaki ya matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu kabonati. Plasta nayo ni hiyo hiyo kwa njia ya kuzunguka. Mawe hupangwa juu ya kuni na kuchomwa. Moto ukifika karibu nyuzi 900 za selsiasi, jiwe hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa hai. Chokaa hai ikimwagiwa maji huchemka yenyewe na kuwa chokaa iliyozimwa, ile laini ya kupaka. Ikishapakwa ukutani, kwa miezi na miaka huivuta tena ile hewa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa khalati ulikuwa umefunga safari: jiwe, chokaa, jiwe. Mji ulipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, kilichoorodheshwa, ukitazama kwa jicho la mwanakemia, ni kabonati na boriti za mikoko.

Asidi inapokutana na kabonati hutokea hivi. Ayoni za haidrojeni hushika kabonati na kuigeuza kuwa asidi ya kaboni. Hii nayo ni asidi, lakini ni mnyonge hata mbele ya siki, na haiwezi kukaa. Hupasuka ikawa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi, na hewa ikapaa. Hilo ndilo povu. Na kwa kuwa hewa imeshatoka mlangoni, hairudi kudai nafasi yake, ndipo jiwe linaendelea kuliwa. Kanuni ni ya mpangaji na mwenye nyumba: asidi yoyote yenye nguvu kuliko ile ya kaboni inaweza kuifukuza ndani ya kabonati. Siki inaweza, ndimu inaweza, ukwaju unaweza, maziwa yaliyoganda yanaweza kidogo kidogo.

Ukitaka kuhakikisha kwamba povu ni hewa hiyo, huhitaji maabara. Chukua chokaa kidogo ya tambuu, ikoroge katika maji, iache itulie, kisha umimine maji ya juu yaliyo safi. Pitisha humo hewa inayotoka kwenye siki na jiwe. Maji yatageuka meupe kama maziwa, maana chokaa imekutana na hewa yake na imerudi kuwa jiwe, chembe chembe. Mpwa wangu alifanya hivyo kwa mrija wa soda na kizibo alichotoboa, na kelele alizopiga ziliwatoa majirani.

Lakini nini kinachobaki baada ya povu? Hilo ni swali ambalo vitabu vya shule hulipitia mbio, na mimi naona ndilo lenye utamu. Tuliweka vikombe vitatu vya kioo uani, mbali na watoto. Katika kimoja siki, cha pili asidi ya choo iliyozimuliwa, cha tatu maji ya betri kutoka kwa jamaa anayetengeneza betri za boti na za sola. Kila kimoja tukakitia kijiwe cha tumbawe kilichoanguka ukutani, saizi ya tende.

Asidi ya choo ilifanya kama tulivyotarajia: ikafoka, ikanguruma, kikombe kikapata moto kidogo, kijiwe kikaisha. Siki ilianza kwa viputo vyembamba, kama soda iliyoachwa wazi, ikaendelea hivyo bila haraka. Maji ya betri ndiyo yaliyomshangaza kijana. Yalifoka kwa kishindo mwanzoni, kisha povu likafifia, likafifia, mpaka likawa kiputo kimoja hapa na kimoja pale. Kijiwe kikabaki kimekaa chini, kimevikwa unga mweupe. "Imeisha nguvu?" akauliza.

Haikuisha. Asidi ilikuwa tele mle ndani, na asidi ya salfuriki ni miongoni mwa zenye nguvu kabisa. Kilichotokea ni kwamba asidi hii ikila kalsiamu kabonati huacha kalsiamu salfeti, yaani jasi, na jasi haiyeyuki vizuri majini. Lita nzima ya maji hubeba gramu mbili tu au zaidi kidogo. Basi hujipaka juu ya jiwe kama nguo na kuliziba. Asidi iko nje, jiwe liko ndani, na ukuta wa jasi katikati. Haidrokloriki haina tatizo hilo kwa sababu kalsiamu kloridi inayeyuka majini mara moja. Siki nayo haina, maana kalsiamu asetati pia huyeyuka. Kwa hiyo unafika mahali pa ajabu ambapo asidi dhaifu inamaliza jiwe na asidi yenye nguvu inakwama mlangoni. Jina halikuwa na msaada wowote.

Jasi hiyo hiyo, kwa njia, ndiyo mara nyingi inayotengenezewa chaki za shule. Mwalimu akikwambia utie chaki kwenye siki uone povu, na povu lisitoke, usimlaumu siki.

Ndimu iko katikati ya hao wote. Asidi yake, ya sitriki, inaweza kuachia ayoni tatu kwa kila molekuli, ya kwanza kwa urahisi, ya pili na ya tatu kwa kusukumwa. Juu ya jiwe hutoa povu vizuri, ila chumvi inayobaki haiyeyuki kirahisi. Tone la ndimu lililosahauliwa kwenye sakafu ya marumaru huacha doa lililofifia ambalo hulifuti kwa kitambaa, kwa sababu doa lenyewe ni mahali palipoliwa. Kwa birika lenye ukoko mweupe wa maji ya kisima, mimi nachagua siki kuliko ndimu. Khalati hakusoma kemia na alishachagua hivyo miaka arobaini iliyopita.

Na kabonati nazo si moja. Magadi tunayotilia maharagwe ni chumvi ya sodiamu, kabonati na bikabonati pamoja, na inayeyuka majini. Asidi ikiigusa, hakuna jiwe la kulitafuna tabaka kwa tabaka. Kila chembe inakutana na kila chembe, na povu hutoka lote kwa mkupuo hata kwa siki. Kwa hiyo ukilinganisha asidi mbili kwa magadi, macho yako hayataona tofauti kubwa. Linganisha kwa jiwe, na tena vijiwe vya ukubwa mmoja: lililosagwa huliwa haraka kuliko lililo zima, na tumbawe lenye matundu huliwa haraka kuliko marumaru iliyosuguliwa.

Madini: hapa asidi haichagui peke yake

Kwa madini kanuni inaongezeka moja. Asidi inayapa madini ayoni za haidrojeni, na madini yanayoweza huzigeuza kuwa hewa ya haidrojeni, ile inayolia "pop!" ukiisogezea kijiti cha moto. Si madini yote yanayoweza. Magnesiamu huwahi kabla ya wote, ikifuatwa na alumini, zinki, chuma. Bati na risasi hujikokota. Shaba, fedha na dhahabu hazitoi haidrojeni kabisa, hata uzimwagie haidrokloriki. Hapo nguvu ya asidi haisaidii kitu. Asidi ya nitriki hula shaba, lakini kwa ujanja mwingine, na hewa inayotoka ni ya rangi ya udongo na yenye sumu.

Utepe wa magnesiamu wa shuleni, gramu 0.24, hutoa haidrojeni karibu sentimita 240 za ujazo, yaani nusu ya chupa ndogo ya maji ya kunywa. Itie kwenye haidrokloriki ya kutosha au kwenye siki ya kutosha, utapata nusu chupa hiyo hiyo. Hadithi ya kibindo tena: tofauti ni dakika, si kiasi.

Sasa mbona kabla ya Maulidi kina mama wa mjini husugua mirashi, vyetezo na sinia za shaba kwa ukwaju, na shaba ikang'aa, ikiwa shaba haigusiki na asidi? Kwa sababu ukwaju hauli shaba, unakula kutu yake. Weusi ule ni shaba iliyoungana na oksijeni, na ndani ya ile kutu ya kijani mna kabonati ya shaba, jamaa ya jiwe letu. Asidi ya tatariki ya ukwaju huviyeyusha vyote viwili na kufika kwenye shaba safi, ikasimama. Asidi dhaifu hapa ni baraka, maana inakupa muda wa kusuuza. Usiilaze tu usiku kucha: shaba ya manjano ina zinki ndani yake, na zinki haina subira, hutoka taratibu na kuacha chombo na wekundu usioutaka.

Zinki hiyo hiyo ndiyo iliyopakwa kwenye ndoo na mapipa ya mabati. Maji ya ukwaju au ya ndimu yasikae humo. Zinki huyeyuka kimya kimya, povu lisionekane, na wanywaji wakaumwa na tumbo na kutapika. Vyungu vya shaba nyekundu navyo ndiyo maana wazee walivipaka bati kwa ndani. Shaba haitoi haidrojeni, lakini asidi ikisaidiwa na oksijeni ya hewani huimega kidogo kidogo mpaka ikaingia kwenye mchuzi.

Alumini inaleta fumbo la mwisho. Kwa orodha yangu ingepaswa kufoka ikiguswa tu na ndimu, na bado tunapikia kila siku mchuzi wa ukwaju kwenye sufuria za alumini. Siri ni ngozi nyembamba ya oksidi ambayo alumini hujivika yenyewe ikikutana na hewa. Asidi dhaifu hupapasa ngozi hiyo, huondoa weusi wa juu, na ndiyo sababu sufuria iliyopikiwa kitu kichachu hung'aa ndani. Haidrokloriki iliyokolea huisubiri dakika moja mbili bila dalili, kisha ngozi ikishatoboka hulipuka kwa povu na joto. Nimeona mtu akijaribu kung'arisha sufuria kwa asidi ya choo. Alibaki na chujio.

Na kwa kuwa nimeitaja tena hiyo chupa: isichanganywe kamwe na dawa ya kupaushia nguo. Hewa inayotoka hapo ni klorini, ambayo hushambulia mapafu. Ukiizimua, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, wala si maji kwenye asidi. Ikimwagika sakafuni, magadi yaliyokorogwa majini huimaliza. Mimina mpaka povu likome.

Tulifanya hivyo kwa choo cha khalati, wiki moja kwa kuchelewa, kisha fundi mwingine akapaka chokaa mpya. Kuhusu vikombe vyetu vya uani, cha haidrokloriki na cha betri tulivimwaga siku ile ile baada ya kuvitia magadi. Cha siki tulikiacha kwenye dirisha la jikoni tuone kijiwe kitaisha lini. Siku ya tatu tukakuta kikombe kimeoshwa na kupinduliwa. Khalati alidhani ni maji machafu, na kijiwe, alisema, hakukiona.